Kipa wa daraja la pili naye yuko na kazi

Leo tunaongea juu ya kipa. Mtatuuliza: na matatizo yote haya tuliyo nayo, kwa nini kipa? Tunaomba msome mpaka mwisho. Jambo hili limetugusa ndani ya kikundi chetu, na pesa ya mama wa mwenzetu imepotea.

Tuanze na Jumapili moja uwanjani. Tunacheza kaskazini ya mji, kwenye kiwanja cha vumbi, na mvua ikinyesha kinakuwa shamba la mpunga. Siku ile alikuja mgeni kututembelea, mtu mwema kabisa, akatuletea mipira miwili mipya. Akatukusanya chini ya mti akatusimulia Alphonso Davies: amezaliwa mwaka 2000 katika kambi ya Buduburam, Ghana, wazazi wake walikimbia vita ya Liberia, familia ikafika Kanada, leo ni beki wa Bayern Munich. Akamaliza kwa swali: "Nani kati yenu anataka kuwa kama Davies?"

Mikono yote ikapanda, isipokuwa mmoja. Kipa wetu alibaki amekunja mikono. Mgeni akamuuliza, "Na wewe?" Akajibu, "Mimi niko kipa. Kuna kipa gani ametoka kambini?"

Tulicheka sana. Lakini mgeni hakuwa na jina la kumpa. Na sisi tuliokuwa tunacheka, hatukuwa nalo.

Majina tunayoyajua sote ni haya. Eduardo Camavinga, mtoto wa wazazi Wakongomani, amezaliwa kambini Angola mwaka 2002, sasa yuko Real Madrid. Saido Berahino, amezaliwa hapahapa Bujumbura mwaka 1993, vita ikampeleka Birmingham akiwa mtoto, baadaye akawa kapteni wa Burundi kwenye CAN 2019. Nestory Irankunda, amezaliwa Kigoma mwaka 2006 na wazazi Warundi waliokuwa wakimbizi, akakulia Australia. Halafu Bernard Kamungo, huyu anatugusa zaidi kwa sababu ametoka Nyarugusu, na wengi wetu tuko na shangazi au binamu kule. Familia yake ilipelekwa Abilene, Texas, mwaka 2016. Akafanya majaribio ya wazi ya North Texas SC, timu ndogo iliyo chini ya FC Dallas, wakamchukua. Kutoka hapo akapanda mpaka FC Dallas yenyewe. Agosti 2023 alifunga goli dhidi ya Inter Miami ya Messi, na Januari 2024 akavaa jezi ya timu ya taifa ya Marekani.

Hadithi nzuri zote, na tunazipenda. Lakini angalieni: wote wanacheza mbele, katikati au pembeni. Hakuna hata mmoja anayevaa glavu.

Basi tukaanza kutafuta kipa. Tulitafuta kwenye simu zetu jioni, kila mtu akiweka megabaiti zake kidogo. Kipa maarufu aliyetoka kambini hatukumpata, lakini tulipata familia moja iliyotufundisha mengi: familia ya Mandanda, kutoka Kinshasa, iliyohamia Ufaransa. Watoto wanne wanaume, na wote wanne wakawa makipa. Steve, Parfait, Riffi na Over.

Steve mnamjua. Alidaka Marseille miaka mingi, na alikuwa kwenye kikosi cha Ufaransa kilichobeba Kombe la Dunia 2018. Lakini je, mnajua alicheza mechi ngapi kwenye kombe lile? Moja. Ilikuwa dhidi ya Denmark, ikaisha 0-0. Alianza kuitwa timu ya taifa mwaka 2008, akacheza ya mwisho 2022, miaka 14, na mechi zake zote ni 35. Hugo Lloris aliyekuwa mbele yake alicheza 145. Yaani mmoja kati ya makipa bora wa Ufaransa alitumia muda mwingi wa maisha yake ya timu ya taifa akiwa amekaa na kizibao juu ya jezi, amepasha mwili moto kwa mechi ambayo hataingia.

Parfait ndiye tunayetaka kumwongelea zaidi. Yeye hakufika kwenye timu ya Ufaransa. Alicheza Ubelgiji, Charleroi, na aliitwa timu ya taifa ya Kongo, ambako mlango ulikuwa na mwenyewe, Robert Kidiaba. Mwaka 2020 akasajiliwa Marekani, na Hartford Athletic. Timu hiyo inacheza USL Championship, daraja la pili chini ya MLS. Alifika mwaka ule ule korona iliposimamisha ligi kwa miezi. Hakuna filamu iliyotengenezwa juu yake. Hakuna mgeni aliyewahi kuja kiwanjani kwetu akasema, "Nani anataka kuwa kama Parfait Mandanda?"

Sisi tunasema: angekuja mtu wa kusema hivyo, tungemsikiliza. Kwa sababu ile ndiyo sura ya kazi ya mpira kwa watu wengi wanaoifanya. Unaenda nchi hii, kesho nchi ile. Mkataba mfupi. Unamkuta mbele yako mtu mwingine ambaye amezoea goli lile. Unafanya mazoezi kila siku kama wengine, Jumamosi unakaa benchi. Na bado ni kazi, na mtu anailisha nayo nyumba yake.

Kwa kipa hesabu ni ngumu kuliko kwa mwingine yeyote. Mshambuliaji akikosa namba mbele, kocha anaweza kumjaribu pembeni, au kumwingiza dakika 20 za mwisho. Kipa hana pembeni. Goli ni moja, na mwenzako asipoumia au asipopewa kadi nyekundu, unaweza kumaliza msimu mzima hujaguswa na mpira wa mechi. Na kule Marekani kuna jambo lingine ambalo wengi wetu hatukulijua: timu ya daraja la pili haipandi MLS hata ikichukua ubingwa. Mlango ule haufunguliwi kwa pointi, unafunguliwa kwa pesa za wenye timu. Mchezaji anaweza kupanda yeye mwenyewe, kama Kamungo. Timu inabaki palepale.

Tusiende mbali, tuangalie hapa kwetu. Machi 2019, Burundi ilipotoka 1-1 na Gabon hapa Bujumbura na kuingia CAN kwa mara ya kwanza, mji mzima ulilia kwa furaha. Goli la Cédric Amissi kila mtu analikumbuka. Kule Misri tukapoteza mechi zote tatu: 1-0 na Nigeria, 1-0 na Madagaska, 2-0 na Guinea. Magoli manne yaliingia, na sisi hatukufunga hata moja. Kipa wetu wa taifa alikuwa Jonathan Nahimana. Watu wanakumbuka magoli yaliyoingia. Ni wachache wanaokumbuka mipira ambayo haikuingia. Nahimana amekula mkate wake katika ligi ya Tanzania, kwenye KMC na Namungo, timu ambazo si Simba wala Yanga. Huyo ni mtu aliyefanikiwa, jamani! Lakini kwa namna tunavyofundishwa kupima mafanikio, hata Nahimana anaonekana kama hakufika.

Sasa tuje kwenye pesa ya mama.

Baada ya ile Jumapili, kipa wetu alipata ujumbe kwenye WhatsApp. Mtu alijiita wakala. Alisema ameona video yake, na kwamba timu moja ya daraja la pili Marekani inahitaji kipa kijana "mwenye historia ya ukimbizi". Aliandika vizuri, Kifaransa safi, na alama ya timu juu ya barua. Alitaka dola 600 za "kufungua dosye ya visa". Kipa wetu hakutuambia. Alimwambia mama yake tu. Mama anauza ndagala sokoni. Alikopa kwa wenzake wa likilimba, akaongeza alichokuwa nacho, wakatuma dola 250 kama malipo ya kwanza. Wiki mbili mtu yule alijibu kila siku. Wiki ya tatu picha yake ikatoweka, namba ikafa.

Tulipojua, wengine wetu tulimkasirikia kipa. "Wewe uliwezaje kuamini?" Alitujibu neno moja ambalo mpaka leo hatujalisahau: "Ninyi wote mliinua mikono."

Ni kweli. Sisi tuliinua mikono tukaamini kwamba kuna mahali watu wanatafuta wakimbizi wenye kipaji, na kwamba siku moja simu italia. Yeye simu yake ililia. Kama angekuwa anajua kazi ya kipa wa daraja la pili inaanzaje, angeshtuka palepale. Timu yenye makipa wake kwenye mazoezi, na vijana wa vyuo wakisubiri nyuma yao, haimchukui mtu wa Bujumbura kwa video ya sekunde 40 iliyopigwa na simu iliyopasuka kioo. Hilo si tusi kwa kipaji chake. Ndivyo kazi ile ilivyo, na hakuna aliyemwambia. Tulimjaza ndoto, ramani hatukumpa. Tapeli akaja na ramani yake ya uongo.

Kwa hiyo maoni yetu ni haya: hadithi ya nyota mmoja, ikisimuliwa peke yake, inamwandaa kijana kwa tapeli. Anayeisimulia anaweza kuwa na moyo mzuri kabisa. Madhara yanakuja vilevile.

Tunajua wengine watasema tunaua ndoto za watoto. Hata ndani ya kikundi hatukukubaliana. Dada mmoja wetu, anacheza namba 8, alisema, "Hadithi ya Kamungo ndiyo ilinitoa nyumbani mwaka ule sikuwa nataka kuona mtu. Msiniondolee." Tulimsikia, na yuko na haki. Hatutaki kuziondoa. Tunataka zisimuliwe zote, pamoja na sehemu ambazo hazipigwi picha. Kamungo hakuokotwa kambini na wakala. Familia yake ilipata kuhamishwa na mpango wa wakimbizi, akiwa na miaka 14 akaingia shule, akapata karatasi za nchi ile, na akapita kwenye timu ndogo kabla ya ile kubwa. Mlango wa kwanza ulikuwa karatasi. Miguu ilikuja ya pili. Na mlango ule ndio huo Marekani iliousimamisha Januari 2025, wakati ndugu zetu wengine walikuwa wamekwisha kupimwa afya na wanangoja tarehe ya ndege. Mtu akikusimulia Kamungo leo bila kukuambia hilo, amekupa nusu.

Tena tusisahau viwanja vyenyewe vimekuwa nini kwetu. Februari 2025, Bukavu ilipoanguka na watu wakavuka Rusizi wengine kwa maji ya shingoni, maelfu na maelfu walilala kwenye uwanja wa mpira wa Rugombo, kule Cibitoke. Wamo ndani ya kikundi chetu waliopita pale. Wanakumbuka mistari ya uwanja ikiwa chini ya mikeka, na watu wakigombania nafasi karibu na ukuta kwa sababu ya mvua. Kwa kijana aliyelala Rugombo, mpira si ndoto ya Munich kwanza. Mpira ni ile saa moja na nusu ya Jumapili ambayo uwanja unarudi kuwa uwanja, na yeye anarudi kuwa mtu mwenye namba mgongoni. Hiyo peke yake inatosha kuheshimiwa.

Kwenu ninyi wafanyakazi wa misaada, tunaomba mambo machache, na hayana gharama kubwa.

Kwanza, mkija tarehe 20 Juni na mipira na kamera, njooni pia tarehe 20 Septemba bila kamera.

Pili, tusaidieni na karatasi za kawaida. Kijana mkimbizi anayetaka kuchezea timu ndogo ya kartiye anahitaji kujua kama kadi yake ya mkimbizi inatosha kupata leseni ya mchezaji, na nani wa kumuuliza. Anayetoka kambini kuja kucheza mjini anahitaji ruhusa ya kutoka. Mtu mmoja wa ofisi akikaa na sisi saa moja kueleza hayo, atakuwa ametusaidia kuliko mipira kumi.

Tatu, mafunzo. Wengi wetu hatutacheza kwa kulipwa, tunalijua. Lakini mpira unahitaji makocha wa makipa, waamuzi, watunza viwanja, watu wa huduma ya kwanza. Cheti kidogo cha uamuzi kinaweza kumpa mtu faranga kidogo kila wiki, na heshima.

Nne, mkituletea wageni wa kutusimulia, tuleteeni siku moja mtu wa daraja la pili. Aliyekaa benchi. Aliyemaliza mpira akiwa na miaka 30 akaanza kazi nyingine. Tutamuuliza maswali mengi.

Na kwetu sisi wenyewe, vijana, tuambiane ukweli.

Mtu akikuita kwa majaribio ng'ambo, usijibu kabla hujaonyesha wenzako wawili na mkubwa mmoja. Siri ndiyo chakula cha tapeli.

Wakala wa kweli anatakiwa kuwa na leseni ya FIFA, na FIFA inaweka orodha ya wenye leseni kwenye tovuti yake. Kuitafuta ni bure. Kama jina halipo, mazungumzo yameisha.

Kama hujafika miaka 18, jua kwamba sheria ya FIFA inakataza uhamisho wa kimataifa wa watoto, isipokuwa kwa hali chache zilizotajwa, ikiwemo mtoto aliyekimbia nchi yake kuokoa maisha. Hakuna "dosye ya haraka" inayoweza kununuliwa kwa dola 600.

Pesa ikiombwa kabla ya mkataba, simama. Usitume hata faranga moja. Timu inayokutaka ndiyo inatoa, haianzi kwa kudai pesa ya ndagala ya mama yako.

Na jifunze kazi nyingine kando. Hilo halimaanishi umeacha mpira. Makipa wengi wa madaraja ya chini, hapa na ng'ambo, wanafanya hivyo hivyo.

Tunamalizia na Kidiaba, kwa sababu kipa wetu ametuomba tumweke. Mwaka 2010 TP Mazembe ilikuwa timu ya kwanza ya Afrika kufika fainali ya Kombe la Dunia la vilabu. Kidiaba alikuwa golini, na miaka yake ilikuwa 34. Wakapoteza 3-0 kwa Inter Milan, lakini dunia nzima ilikwisha kumwona akirukaruka kwa makalio kwenye nyasi. Mwaka 2015, Kongo ilipochukua nafasi ya tatu kwenye CAN kwa penalti, bado ni yeye aliyekuwa golini, na miaka 39. Kipa wetu anasema makipa wanachelewa kuiva, kwa hiyo yeye bado yuko mbichi. Ana miaka 21.

Sasa hivi anajifunza kutengeneza pikipiki kwa fundi mmoja, na deni la likilimba anamsaidia mama yake kulilipa kidogo kidogo. Sisi wengine tunachanga pia, kwa sababu mikono ile tuliinua wote. Jumamosi asubuhi anafundisha watoto sita namna ya kuanguka bila kuvunja bega. Wawili kati yao ni wasichana. Jumapili anadaka. Juma lililopita alitoa penalti, na hakuna kamera iliyokuwepo.

Glavu zake zimetoboka vidole viwili. Anavaa namba 9. Mwenye za zamani anaweza kutuandikia hapa chini.

Sisi vijana wa kikundi, Bujumbura